Duka la Roboti Ghorofa ya Juu

Katika miji mikubwa ya Japani, majengo ya maduka huwa na ukumbi mmoja ghorofa za juu ambao hauna mpangaji wa kudumu. Wiki hii utakuta humo samaki na jibini kutoka Hokkaido, wiki ijayo vyombo vya udongo, na baada ya hapo kimono zilizokwisha kuvaliwa, zinazouzwa kwa bei nafuu. Wafanyabiashara wa huko wana hesabu yao. Mteja akivutwa juu kwanza, atashuka polepole, ghorofa kwa ghorofa, na njiani atanunua soksi, sufuria na kipodozi ambacho hakuwa amekikusudia. Wenyewe hulinganisha jambo hilo na bafu ya manyunyu, kwa kuwa wateja hutiririka kutoka juu kama maji. Na chini kabisa, chini ya ardhi, huweka vyakula vizuri, navyo huwavuta watu waanze kupanda kama maji ya chemchemi. Sisi tunaokwenda sokoni kununua nyanya tukarudi na kitenge tunaelewa bila kufundishwa.

Mwaka 2023 niliingia ukumbi wa namna hiyo huko Ikebukuro, sehemu ya Tokyo yenye maduka mengi ya katuni na vitu vya kuchezea. Safari hii hapakuwa na samaki wala vyungu. Palikuwa na duka la Gundam, duka la muda, la majuma mawili tu, kisha lingefungwa na ukumbi kupewa mwingine.

Mama mwenzangu, kama watoto wako bado hawajalitaja jina hilo, nitakueleza kwa kifupi. Gundam ni roboti kubwa la vita katika hadithi ya televisheni iliyoanza kuonyeshwa Japani tarehe 7 Aprili 1979. Halijiendeshi lenyewe, bali mtu huingia ndani yake na kuliendesha kama dereva wa trekta. Kutokana na hadithi hiyo zimetoka hadithi nyingine nyingi, filamu, fulana, vikombe, na zaidi ya yote vile vijiroboti vya plastiki ambavyo mtoto hununua vikiwa vipande vipande ndani ya boksi, akaviunganisha mwenyewe. Wajapani huviita Gunpla, yaani Gundam ya plastiki. Vimekwisha kuuzwa zaidi ya milioni 500.

Mume wangu alikuwa masomoni Tokyo kwa miaka miwili, nasi tulimfuata. Kifungua mimba wetu, mvulana wa miaka 10, aliingizwa katika shule ya mtaani ambako hakuna aliyejua neno hata moja la lugha yetu. Kwa miezi mitatu alitoka shuleni akiwa kimya, akala kimya, akalala. Akina mama mnajua kimya cha mtoto kilivyo kizito kuliko kilio chake. Halafu siku moja akarudi anaongea hadi anakosa pumzi. Mtoto wa jirani alikuwa amemwonyesha roboti lake, tena amemruhusu aung'oe mkono na kuurudisha. Kulikuwa na duka, akasema, na duka lenyewe litafungwa. Vijana wote wa darasa wanakwenda. "Mama, naomba twende kabla halijaondoka."

Sikufurahi sana. Nyumbani kwetu bunduki za plastiki hazikuwahi kuruhusiwa, na picha aliyonionyesha ilikuwa ya roboti lenye bunduki ndefu kuliko mguu wake. Upande mwingine, hilo ndilo jambo la kwanza lililomfungua mdomo tangu tushuke kwenye ndege. Nikamwambia nitakwenda nilione kwa macho yangu, ndipo nitakapojibu kama atanunua.

Tuliongozana na jirani yetu, mama wa yule mtoto. Hapa niseme jambo dogo lililonipendeza katika nchi ile. Wanawake wa huko wanaojuana kwa sababu ya watoto wao huitana kwa majina ya watoto, Mama Fulani na Mama Fulani, kama sisi. Kiingereza chake na changu kilikuwa cha kuungaunga, lakini kwa kuwa tuliitana Mama, mengine yakawa mepesi.

Tulifika saa nne kasoro, maduka yakiwa bado hayajafunguliwa. Kijana mwenye kofia alikuwa akigawa vikaratasi vyenye namba, na kila namba ilikuwa na saa yake ya kuingia. Hakuna aliyesukuma. Watoto walikaa sakafuni kwa mistari, wakionyeshana vitabu. Jirani aliniambia haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1982, katika duka moja la mkoa wa Chiba, watoto walizikimbilia Gunpla wakaangukiana kwenye ngazi za umeme, na kadhaa wakaumia. Yeye mwenyewe alikuwa hajazaliwa, lakini mama yake alikuwa akilitaja kila walipokaribia ngazi hizo.

Namba yetu ilituingiza saa tano na nusu. Muda huo wa kungoja, nikwambie, si wa bahati mbaya. Ndio muda ambao mama mwenye mtoto mdogo hushuka kununua juisi, na mwenye mtoto mkubwa hukumbuka kuwa sare imeanza kubana. Tulishuka sisi pia. Nilirudi na taulo mbili.

Ndani, ukumbi haukuwa mkubwa kuzidi kanisa la kijijini. Mlangoni lilisimama roboti la kimo cha mtu, jeupe lenye buluu, nyekundu na manjano, na watoto walipangana kupigwa picha. Kushoto palikuwa na nguo, mifuko, kalamu na biskuti za kopo lenye sura ya roboti. Nilipita haraka, kwa maana biskuti ni biskuti. Kulia ndiko kulikokuwa na maboksi, yamepangwa kuanzia magotini hadi juu ya kichwa changu, na mbele yake sanduku la kioo lenye vijiroboti vilivyokwisha kuunganishwa.

Hapo nilisimama muda mrefu. Maboksi yote yana namba zinazomtatiza mgeni, nami nilimwomba mhudumu anifafanulie. Namba 1/144 maana yake ni kwamba kimo cha roboti la hadithini kimegawanywa mara 144. Gundam la kwanza lina kimo cha mita 18, kwa hiyo mtoto atapata kijiroboti cha sentimita kumi na mbili na nusu, sawa na kalamu ya risasi iliyotumika kidogo. Ukikuta 1/60 ujue kimo ni sentimita 30, na bei nayo imepanda. Boksi la bei ya chini lilikuwa yeni 770 pamoja na kodi. La juu ambalo mhudumu alinionyesha, lenye mifupa ya ndani na taa, lilikuwa yeni 27,500. Ni roboti lilelile la hadithi ileile, na majina yake yote yanafanana masikioni mwa mzazi. Ukimtuma mjomba anunue "Gundam tu", unaweza kukuta amemaliza pesa za chakula cha wiki nzima.

Boksi huandikwa pia umri. Mengi ya kawaida ni ya kuanzia miaka 8, na yale magumu ni ya miaka 15 na kuendelea, kwa sababu yana vipande vidogo vyenye ncha kali. Mwenye mtoto anayetambaa nyumbani azingatie hilo kabla ya rangi na sura.

Mhudumu alifungua boksi moja la maonyesho. Nilitazamia kuona mikono na miguu. Kumbe ndani mna bamba kadhaa za plastiki, kila moja ni fremu iliyoshikilia vipande kama matunda kwenye tawi. Mtoto hukikata kila kipande kwa koleo dogo, akafuata michoro hatua kwa hatua. Gundi haitakiwi, wala rangi. Vipande hushikana kwa kubonyezwa, na rangi zimo ndani ya plastiki yenyewe, hata bamba moja laweza kuwa na rangi tatu au nne zilizomiminwa pamoja. Hutengenezwa Shizuoka, mji uliojulikana kwa mafundi wa mbao kabla haujawa mji wa vijiroboti na vijigari vya plastiki. Nilipogeuza ile bamba na kuona jinsi kila kiungo cha kidole kilivyo na nafasi yake, nilimkumbuka marehemu baba yangu akipanga misumari kwa ukubwa katika makopo.

Lakini bunduki bado ilikuwepo, kwenye fremu yake, pamoja na ngao.

Jirani aliona nilipokuwa nikitazama. Tulikaa kwenye benchi la nje ya kamba, watoto wakiendelea kuzunguka, naye akanisimulia hadithi ambayo aliiona tangu utoto wake. Mwendeshaji wa Gundam la kwanza ni kijana wa miaka 15 aitwaye Amuro. Si askari. Vita vimemkuta mahali alipokuwa akiishi, akaingia ndani ya mashine ile ili yeye na wenzake wapone. Na adui katika hadithi hiyo si majitu ya kutisha kutoka nyota nyingine, ni watu, wana wachumba na watoto na makamanda wabaya na wema. Wengine wanakufa, na mtazamaji anasikitika.

Kisha akaniambia juu ya sehemu ya 13, ambamo Amuro anarudi kijijini kwao duniani kumtafuta mama yake. Anamkuta akihudumia wakimbizi kambini. Wakiwa hapo, maaskari wa adui wanaingia kukagua, na kijana, akiwa amejificha kitandani kama mgonjwa, anampiga mmoja risasi mbele ya mama yake. Mama hamshangilii. Anamwambia kwamba yule naye huenda ana watoto nyumbani, na kwamba mwanawe amekuwa mtu mkatili. Kijana anajitetea kuwa hivi ni vita. Wanaagana hivyo, mama akilia.

Nikamuuliza jirani yule mama anaitwaje.

"Kamaria," akasema.

Nikamwomba arudie, akarudia. Kwa sikio langu lililolelewa pwani, jina hilo ni la nyumbani kabisa, lenye mwezi ndani yake. Aliyeliandika alilitoa wapi si juu yangu kusema. Ila mbele ya lile lundo la maboksi yenye bunduki nilikuwa nimepata mama mmoja wa kusimama upande wangu, naye yumo ndani ya hadithi yenyewe.

Jambo jingine alilonisimulia ni la biashara, nami naliona lina faida kwa wazazi wa nchi yoyote. Hadithi ile ilipoanza mwaka 1979 haikupendwa sana. Kampuni ya vitu vya kuchezea iliyoifadhili iliuza vijiroboti vya chuma na plastiki kwa watoto wadogo, na watoto wadogo hawakuvijali. Ilikusudiwa kuwa na sehemu 52, ikakatishwa kwenye ya 43, Januari 1980. Kilichoiokoa ni marudio yake kwenye televisheni, yaliyopendwa na wanafunzi wakubwa, na kampuni nyingine, Bandai, iliyotoa Julai 1980 vijiroboti vya kuunganisha kwa yeni 300. Basi tangu mwanzo katuni na boksi vinabebana. Mtoto anapotazama hadithi anatazama pia tangazo lenye urefu wa nusu saa. Hilo halifanyi hadithi iwe mbaya, lakini mzazi alijue.

Tuliporudi ndani, mwanangu alikuwa amesimama mbele ya rafu iliyowekwa peke yake katikati. Humo mlikuwa na toleo maalumu, la plastiki inayopitisha mwanga kama kioo, lisilouzwa katika maduka ya kawaida. Bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya lile boksi dogo. Kibao kilisema kila mtu anunue moja tu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini duka ni la majuma mawili. Boksi la yeni 770 unaweza kulikuta mwezi ujao katika duka jingine. Toleo maalumu linamwambia mtoto kuwa ni leo au kamwe, na mtoto wa miaka 10 hajui kuwa neno "kamwe" dukani lina tafsiri yake.

Kibao cha kununua moja moja kilikuwa na sababu nyingine pia. Tangu mwaka 2020 Gunpla zilitafutwa kuliko zilivyotengenezwa, na wakatokea walanguzi, watu wazima wanaokomba rafu asubuhi na kuuza kwenye intaneti kwa bei ya juu jioni. Nilipomweleza jirani kwamba sisi tuna neno maalumu la watu wa namna hiyo, na kwamba mwaka 1983 serikali ya Tanzania iliwasaka nchi nzima, alicheka sana akasema wangepelekwa Ikebukuro.

Mwanangu alikuwa na yeni 3,000 nilizompa kabla ya kutoka. Zilimtosha kulinunua lile la kioo. Sikusema neno, nilitaka nione. Aliligeuza boksi huku na huku, akamwendea mhudumu na kumwuliza kwa Kijapani chake kichanga jambo ambalo sikulielewa. Baadaye jirani alinitafsiria. Aliuliza kama ni rahisi. Mhudumu, Mungu ambariki kijana yule, hakumdanganya. Alimwambia plastiki ya kioo huvunjika upesi kuliko ya kawaida, na kila unapoikata huacha alama nyeupe inayoonekana, kwa hiyo ni afadhali aanze na lile dogo, ambalo vipande vyake hung'olewa kwa vidole bila koleo. Huyu alikuwa mwuzaji, na alikuwa akimpunguzia duka lake mapato mbele ya foleni ya watu. Nimekutana na wachache wa namna hiyo Tokyo na kwetu pia.

Kijana wangu akalirudisha toleo maalumu kwenye rafu, taratibu, kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota. Akachukua maboksi mawili ya yeni 770.

"La pili la nini, baba?"

"La Baba. Atanisaidia, lakini asishike langu."

Nikamkumbusha kibao kilisema moja kwa kila mtu. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mama, nawe si mtu?"

Basi nikaingia kwenye foleni na boksi langu mkononi, mwanamke mzima mwenye kilemba, kati ya wavulana wa shule na mababa wenye tai. Keshia alinifungia kwa karatasi na kunipokelea pesa kwa mikono miwili. Juu ya bunduki nilikuwa nimekwisha kuamua. Itakaa kwenye fremu mpaka atakapokuwa ameitazama sehemu ya 13 pamoja nami, akanieleza Kamaria alisema nini na kwa nini. Alikubali kwa haraka ya mtu anayetaka kufika nyumbani.

Jioni ile meza ya chakula ilichukuliwa. Baba watoto alikuwa na mtihani wiki iliyofuata, akasema atakaa dakika kumi. Alikaa saa mbili. Michoro haina maneno mengi, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu tufike, baba na mtoto walikuwa sawa katika kusoma Kijapani, yaani wote hawakujua, wote walitazama mishale. Mtoto alimaliza mguu wa kushoto kabla ya baba yake, akamwonyesha alipokosea, maana alikuwa ameweka goti kinyume. Sikumbuki mara ya mwisho kusikia watu wawili wakibishana kwa furaha namna ile juu ya goti. Siku iliyofuata aliliweka Gundam lake ndani ya kopo la sukari lililokwisha, akalipeleka kwa jirani, na mlango wao haukufungwa mapema siku hiyo.

Sehemu ya 13 tuliitazama Jumamosi. Alinyamaza mpaka mwisho, akauliza kama yule askari alikufa. Tuliongea kwa muda mrefu, zaidi yake kuliko mimi. Bunduki ilitoka kwenye fremu siku tatu baadaye, kwa ombi la baba yake, aliyedai roboti lake linaonekana kama limesahau kitu.

Zilibaki zile fremu tupu. Tangu mwaka 2021 watengenezaji wamekuwa wakizikusanya ili plastiki yake itumike tena, na duka lile la muda lilikuwa na sanduku lake. Lakini tulipopanda tena Ikebukuro na mfuko wetu, ukumbi ulikuwa umejaa harufu ya kaa wa Hokkaido. Tukaambiwa twende Odaiba, kwenye duka lao la kudumu lililofunguliwa mwaka 2017.

Safari ya huko nayo ni ya kupendeza kwa familia. Treni ya Yurikamome haina dereva, kwa hiyo viti vya mbele kabisa hukaliwa na watoto na mababa wanaojifanya wamewasindikiza watoto. Inavuka daraja la Rainbow juu ya bahari, na tuliposhuka tuliliona roboti lenyewe nje ya jengo la maduka, limesimama kwa mita 19.7, urefu wa nyumba ya ghorofa sita. Tulipolikuta mwaka ule, saa maalumu zilipofika muziki ulipigwa, pembe ya kichwani ikapasuka mara mbili na mabamba ya mwili yakafunguka yakitoa mwanga mwekundu. Nilisema, "Lako hilo." Mwanangu alisikitika kwa ajili yangu. Lake ni lile la mwaka 1979, hili ni Unicorn, mama yeyote angeona tofauti ya pembe.

Akaingia dukani, akazitumbukiza fremu moja moja ndani ya sanduku, akizihesabu. Humo pia mlikuwa na rafu ya matoleo maalumu, na miongoni mwake lile la kioo lililokuwa Ikebukuro, bei ileile. Alilitazama, akasoma kibao, akamwuliza baba yake ana umri gani boksi za miaka 15 zinaporuhusiwa kufunguliwa, na kama baba anaweza kununua moja kwa ajili yake mwenyewe. Baba watoto akasema tutaongea nyumbani. Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha kushika njia ya kwenda kwenye vyakula, ghorofa ya chini.